Kabla ya Safari ya Kumzika Isaka

Masomo ya juma hili: Mwanzo 33:1–17 na 35:27–29, Hesabu 12 na 20.

Yakobo alikuwa amekaa ugenini kwa Labani miaka 20, na sasa kaka yake Esau alikuwa njiani na watu 400. Kabla ya kukutana naye alitanguliza zawadi, na Biblia, ambayo mara nyingi ni bahili wa maneno, imezihesabu moja moja: mbuzi 220, kondoo 220, ngamia 30 wenye maziwa pamoja na watoto wao, ng'ombe 40, fahali 10, punda 30. Sisi wa Mulot hatuhitaji mtaalamu wa maandiko atueleze uzito wa orodha hiyo. Mtu hatoi ng'ombe 40 kwa ajili ya ugomvi mdogo.

Esau hakuja kupigana. Alikimbia, akamwangukia ndugu yake shingoni, wakalia wote wawili. Mahubiri mengi kuhusu upatanisho hufungwa hapo, watu wakasimama na kuimba. Juma hili nawaomba msome aya chache zaidi, kwa sababu kisa chenyewe hakikuisha kwenye machozi.

Baada ya kulia, Esau alitoa pendekezo la kawaida kabisa: tuondoke, twende pamoja, nami nitatangulia. Yakobo akajibu kwa adabu nyingi. Watoto ni wadogo, akasema, na mifugo inanyonyesha. Ikikimbizwa hata siku moja itakufa. Bwana wangu na atangulie, mimi nitafuata polepole mpaka nifike kwako Seiri. Esau akajitolea kumwachia baadhi ya watu wake wamsindikize. Yakobo akakataa hilo nalo. Siku hiyo hiyo Esau akashika njia ya Seiri, na Yakobo akageukia Sukothi, akajenga nyumba na vibanda vya mifugo yake. Tafuteni katika sura zinazofuata: hakuna aya inayosema kwamba Yakobo aliwahi kufika Seiri. Mara nyingine tunayowaona ndugu hao wakiwa pamoja ni mwisho wa sura ya 35. Isaka amekufa akiwa na miaka 180, na wanawe Esau na Yakobo wanamzika.

Kutoka kwenye kumbatio lile mpaka kaburini Biblia haina safari moja waliyokwenda pamoja.

Katika mazishi ya huku kwetu, wasifu wa marehemu ukishasomwa, mpiga picha huanza kuita makundi kando ya jeneza: watoto, wajukuu, mashemeji, kisha ndugu wa marehemu. Ndugu husogea taratibu. Mmoja amesafiri usiku kutoka Nairobi, mwingine ametoka Transmara, dada ametoka Olenguruone na bado ana matope kwenye viatu. Wanajipanga, wanatazama kamera, mmoja anasaidiwa kusimama. Kwa familia nyingi nilizozihudumia, hiyo ndiyo picha pekee ya ndugu wote wa tumbo moja wakiwa watu wazima, na mmoja wao amelala ndani ya sanduku. Ukienda nyumbani kwao mwaka mmoja baadaye utaiona ukutani, imewekwa kwenye fremu nzuri.

Tusidhani kwamba familia hizo zina chuki. Baadhi zina kesi ya shamba, ndiyo, lakini nyingi zinapendana kwa dhati. Zinachangia. Mtu akilazwa, kikundi cha WhatsApp hufunguliwa kabla hajapata kitanda, na fedha hutumwa. Akizikwa, mweka hazina hutuma hesabu, watu huandika amina, na kikundi hunyamaza mpaka mwingine alazwe. Tumejifunza kusafirishana kwenda hospitali na kwenda kaburini. Safari ya kwenda kuketi tu chini ya mti tukiwa wazima, hiyo tunaiahirisha, na sababu zetu ni za kweli kama zile za Yakobo. Watoto wake walikuwa wadogo kweli. Kweli mifugo ilikuwa inanyonyesha. Sisi nasi tuna karo, tuna ng'ombe wa kukamua saa kumi na moja alfajiri, tuna chai ambayo ikipita siku yake ya kuchumwa inakuwa magugu, tuna magoti. Sababu ya kweli ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa hakuna anayethubutu kuipinga.

Biblia hiyo hiyo ina ndugu wengine watatu, na hawa wanahubiriwa kila mmoja peke yake kana kwamba hawakuzaliwa nyumba moja. Walipokwenda mbele ya Farao, Musa alikuwa na miaka 80 na Haruni 83. Dada yao Miriamu hakuandikiwa umri, lakini ikiwa ndiye msichana aliyesimama mbali kidogo na mto akilinda kisafina cha mtoto, basi alimzidi Musa umri vya kutosha. Watu hutuchorea Kutoka kama mwendo wa vijana wenye misuli. Waliokuwa mbele ni wazee watatu wa mama mmoja, kwa miguu, jangwani, kwa karibu miaka 40.

Tena walikosana njiani, na mnajua walikosana kwa sababu ya nani? Shemeji. Miriamu na Haruni walimsema Musa kuhusu mke wake Mkushi, kisha maneno yakapanda mpaka kuulizana nani hasa ndiye msemaji wa Mungu. Familia gani ya Bomet haijui ngazi hiyo? Unaanza na mke wa mtu, unaishia kwenye cheo. Miriamu akapigwa ukoma. Haruni akamsihi Musa, Musa akamlilia Mungu, na dada akatengwa nje ya kambi siku saba. Ninachopenda katika sura hiyo ni neno moja dogo la mwisho: watu hawakusafiri mpaka Miriamu aliporudishwa. Taifa zima, pamoja na mifugo yake na hema zake, lilikaa juma zima likimngoja dada mkubwa aliyekuwa na makosa.

Mbele kidogo Miriamu akafa huko Kadeshi, wakamzika. Kisha Musa, Haruni na Eleazari mwana wa Haruni wakaupanda mlima wa Hori mbele ya macho ya watu wote. Juu kule Musa alimvua kaka yake mavazi ya ukuhani, akamvika Eleazari, na Haruni akafa kwenye kilele kile kile, akiwa na miaka 123. Nao walifika penye kifo pamoja, kama Esau na Yakobo. Tofauti ni kwamba Musa aliyapanda mawe yale pamoja na kaka yake, akijua anavyopumua akichoka, anavyokasirika, na anavyonyamaza. Alikuwa amekula naye mana jana yake. Haruni hakuwa mgeni kwake.

Ndiyo maana nawaomba mtoke matembezi na ndugu zenu mkiwa wazima. Najua yatakayosemwa baada ya ibada: mchungaji, matembezi ni mambo ya wazungu na watoto wa shule. Siwezi kukubali, na hasa kutoka kwa watu wa umri wangu. Sisi tulilelewa nje. Kaka mkubwa ndiye aliyekuonyesha mahali mto unapovukika na mahali unapomeza watu. Ulimfuata alfajiri mkiwapeleka ng'ombe kulamba chumvi, umebeba kibuyu cha mursik, na mkachelewa kurudi kwa sababu ya matunda ya msituni, mkachapwa wote wawili. Dada mkubwa alikubeba mgongoni mpaka zahanati, naye mwenyewe hakuwa mkubwa sana. Kila mmoja wetu ana ndugu aliyemfundisha njia. Kinachoitwa utalii leo, tuliufanya bila viatu. Tuliuacha tulipopata ada za kulipa, na sasa watoto wetu wamekuwa watu wazima na bado hatujaurudia.

Na huku kwetu hakuna haja ya kwenda mbali. Simama kwenye daraja la Mulot utazame chini. Amala ule umetoka msitu wa Mau. Nyangores nao umetoka Mau, ukapitia upande wa Tenwek na Bomet, na huko chini inakutana na kuwa Mto Mara, ambao hupita Masai Mara na Serengeti na kuingia Ziwa Victoria upande wa Musoma, Tanzania. Mhubiri mwingine angeishika mito hiyo miwili ya mama mmoja akawafanyia mfano mpaka saa nane mchana. Mimi nataka mkaione. Watu huvuka bahari kwa ndege ili wawaone nyumbu wakivuka maji haya haya kati ya Julai na Oktoba, na sisi tunaofua nguo kwenye maji hayo, wengi wetu hatujawahi kuingia lango la Masai Mara. Wajukuu wetu wameingia na shule. Wakisimulia tunaitikia tu.

Kama Mara ni ghali, kuna maporomoko ya Tenwek, nje kidogo ya mji wa Bomet. Wengi wetu tumepita hatua chache tu kutoka pale tukimpeleka mgonjwa hospitalini, bila kugeuza shingo. Maji yale ndiyo yanayoizungushia hospitali mtambo wake wa umeme tangu miaka ya 1980, kwa hiyo huenda taa iliyowaka mtoto wako akizaliwa ilitoka hapo. Nendeni siku ambayo hakuna mgonjwa. Ketini juu ya mwamba, mbali na ukingo, mnywe chai.

Au pandeni Kericho. Ukishapita Bomet kuelekea Kaplong, mahindi yanapungua na chai inazidi, na kufikia Litein macho hayana pa kukaa isipokuwa kwenye kijani. Kuna familia katika ushirika huu ambazo wazazi wao walichuma chai kwenye mashamba makubwa, na watoto wakazaliwa kambini, katika vyumba vile vilivyojengwa kwa mstari. Kwa ndugu kama hao hakuna matembezi bora kuliko kupita polepole kando ya shamba lile na kubishana: nyumba yetu ilikuwa ya ngapi, mfereji ulikuwa upande gani, ni nani aliyemwaga maziwa ya mzee. Kila mmoja ana kipande chake cha utoto. Kifungua mimba anawakumbuka wazazi wakiwa vijana na wakali; kitinda mimba anawakumbuka wakiwa wamechoka na wapole. Wakikaa mbali, kila mmoja anafikiri mwenzake anasema uongo kuhusu baba. Wakikaa gari moja, baba anakamilika. Sijaona ushauri wa kichungaji unaofanya kazi hiyo kwa saa chache namna hiyo. Ila tokeni asubuhi, kwa maana mvua ya Kericho hupenda kuja mchana na wakati mwingine huja na mawe.

Kuhusu namna ya kwenda, jibu Yakobo alilompa Esau, hata kama hakulitimiza, ni mwongozo mzuri wa safari: mwendo ni wa aliye dhaifu. Kama kaka ana goti bovu, goti lile ndilo dereva. Dawa za presha na za sukari ziwe mkobani, si kwenye sanduku lililofungwa nyuma ya gari. Mwulize dada wapi kuna choo kabla hajalazimika kuuliza yeye. Safirini mchana. Tunakumbuka Juni 30, 2023, lori lilipowavamia watu pale Londiani Junction na zaidi ya 50 wakafa, wengi wao wakiwa kando ya barabara tu, wakiuza bidhaa au wakingoja gari. Kwa hiyo msijazane watu kumi ndani ya Probox mkasema imani itawashika. Kodisheni gari linalowatosha, kila mtu na mkanda wake, na dereva asiye na haraka.

Fedha ni jambo la aibu kulisema, na ndiyo sababu safari nyingi hufia hapo. Wenye chai hupata bonasi Oktoba. Wengine wana ng'ombe, wengine mshahara, na katika kila familia yupo mmoja ambaye hana kitu na hatasema hana. Atasema ana kazi siku hiyo. Ndugu mwenye uwezo, tafadhali usimlipie mbele ya wengine. Mtumie kimyakimya juma moja kabla, naye achange pamoja na wenzake kwa mkono wake. Wala usiigeuze safari kuwa onyesho la gari lako jipya. Esau alikuwa na watu 400 nyuma yake, na sina hakika wingi huo haukuchangia kumfanya Yakobo ashike njia nyingine. (Na kwa kuwa jina la mji wetu limechafuliwa na vijana wachache wanaolaghai watu kwa simu, usishangae ndugu yako wa Nairobi akipata ujumbe wa kutuma mchango Mulot akapiga kwanza kusikia sauti yako. Ni vizuri. Angalau mtazungumza.)

Dada walioolewa lazima nao waende. Hili nalisema kwa ukali kidogo. Katika boma nyingi za hapa, dada huitwa kukiwa na kazi ya kupika, na husahauliwa kukiwa na jambo la kuamua, na mara nyingi husahauliwa pia ardhi inapogawanywa, ingawa Katiba ya 2010 imekataza ubaguzi huo. Mkienda matembezi na dada yenu akawa ndiye wa kupakua chakula, kuosha vikombe na kulinda mikoba, mmemhamishia jiko tu. Wanaume wa kanisa hili wanajua kumimina chai. Nimewaona kwenye semina zao.

Na kesi ya shamba? Iacheni nyumbani pamoja na hati zake. Simaanishi isahauliwe, ina mahali pake mbele ya wazee, chifu au mahakama. Lakini msimngoje ndugu yenu mpaka kesi iishe, maana kesi nyingine huwazidi umri wenye kesi. Miriamu na Musa hawakuwa wamemaliza mambo yao yote walipong'oa hema siku ya nane. Walichokubaliana ni kuendelea kwenda upande mmoja. Kuna ugomvi unaopungua watu wakiketi ana kwa ana na kuujadili. Kuna mwingine unaopungua wakiketi bega kwa bega wakitazama kitu kingine, twiga kwa mfano. Nimeona zaidi wa pili.

Wapo wanaosoma haya ambao ndugu zao wote wamekwisha kulala. Kwenu sina maneno ya haraka. Mlio hivyo, wachukueni wana wa ndugu zenu muwapeleke mahali mlipochunga pamoja na baba yao au mama yao, muwaambie alivyokuwa mtoto. Hakuna mwingine aliyebaki wa kuwaambia. Eleazari alishuka mlima wa Hori akiwa amevaa mavazi ya baba yake, na aliyeshuka naye alikuwa baba yake mdogo.

Kwa wengine wote ombi langu ni jepesi, na namlenga hasa kifungua mimba, kwa sababu wadogo hawathubutu kumpangia safari. Piga simu jioni ya leo. Usianze na habari za mgonjwa, watashtuka. Taja mahali, taja tarehe, taja kiasi ambacho hata yule asiye na kitu anaweza kukifikia. Anayesema atakuja baadaye, mwulize baadaye ni lini, na umngoje kwenye simu mpaka aseme. Zipo Jumamosi kadhaa kabla ya shule kufungwa. Chagueni moja sasa, kabla Desemba haijajaa harusi na harambee za watu wengine.